Misumeno Miwili, Meza Moja

3 Februari

Dada yangu mpendwa,

Shikamoo. Natumaini barua hii itakukuta mzima, wewe na shemeji. Sisi huku hatujambo. Mama magoti yanamsumbua asubuhi, lakini mdomo haujambo kabisa. Jana amemgombeza muuza mkaa mpaka akaongeza kopo bila kuambiwa.

Utashangaa kupata barua. Simu nimejaribu. Kila nikipiga unasema, "Sawa, sawa, wasalimie," na kabla sijameza mate imekatika. Barua haikatiki, dada. Labda uichane.

Jambo lenyewe ni hili. Yule mzee tuliyemwita Randa, fundi wa mtaa wa nyuma, macho yamechoka na ameacha kazi. Msumeno wake wa meza ameniachia mimi. Nimeuweka kando ya ule wa Baba, pale karakanani nyuma ya nyumba, nataka niunganishe meza za misumeno yote miwili ziwe moja pana. Tangu mgongo uanze kuniuma siwezi tena kushikilia ubao mpana huku nausukuma. Nikipata meza pana, ubao utajilalia wenyewe.

Lakini mambo hayaendi. Ubao unaingia umenyooka, unatoka umepinda kama upinde na ubavu umeungua. Wiki ya tatu hii. Fundi Kesho (unamkumbuka, yule ambaye kabati lako huwa tayari kesho?) alikuja kunisaidia, akakunja gazeti, akalisokomeza chini ya mguu mmoja, akasema, "Imekwisha hiyo." Dada, ilikwisha kweli.

Enzi za Baba, kupima ilikuwa kazi yako. Mimi nilishika tu mwisho wa ubao. Naomba unielekeze.

Mdogo wako


20 Februari

Mdogo wangu,

Marahaba. Sote wazima. Mwambie Mama asikae kwenye sakafu ya baridi.

Toa gazeti la Fundi Kesho. Kisha chomoa plagi zote mbili, uziweke mahali unapoziona. Usianze na kuunganisha. Meza mbili mbovu ukiziunganisha unapata meza moja mbovu, tena ndefu.

Anza na msumeno mmoja. Chagua jino moja la diski, ulipake chaki. Lilete mbele kwa mkono, pima kutoka kwenye ule mfereji wa mezani hadi kwenye jino. Zungusha diski mpaka jino lilelile liwe nyuma, upime tena. Vipimo lazima vilingane. Visipolingana, diski haiko sambamba na meza, na ubao unabanwa nyuma. Ndiyo maana unaungua. Legeza bolti tatu za chini ya meza, ya nne uiache ishike, ugongegonge meza kwa nyundo ya mbao. Pima. Gonga. Pima.

Jino lilelile, nimesema. Wengi hukosea hapo: wanapima jino hili mbele na lingine nyuma, kumbe meno yenyewe hayalingani.

Ni hayo tu. Nilidhani karakana ulipewa pamoja na ujuzi wake.

Dada yako


12 Machi

Dada,

Shikamoo. Neno lako la mwisho limenifika. Ngoja nikueleze ya mashine.

Tofauti ilikuwa unene wa ukucha. Nimegonga siku mbili. Ubao wa kwanza ulitoka safi, ukipitisha kidole ukingoni husikii kitu. Nikamwita Mama aje aone. Akauangalia, akasema, "Huu amekata binti yangu." Nikamwambia nimekata mimi. Akasema, "Mkono ni wako, kichwa si chako." Akauchukua ubao wenyewe, ameuweka chumbani kwake. Sijui wa nini.

Sasa tatizo: ule wa Randa ni mfupi kuliko wa Baba kwa kidole kizima. Niuinue huu, au nikate miguu ya ule? Na kile chuma cha kuongozea ubao kiwe kimoja au viwili?

Na wewe, dada, unafanya nini siku hizi? Shemeji aliwahi kusema uko dukani. Duka la nini? Miaka tisa imepita tangu uondoke, na mimi sijui dada yangu akiamka anakwenda wapi.

Mdogo wako


4 Aprili

Mdogo wangu,

Marahaba. Mwambie Mama nimecheka peke yangu jikoni mpaka shemeji yako akaja kuniangalia.

Ole wako ukate miguu ya msumeno wa Baba. Inua mfupi. Tengeneza fremu moja ya mbao ngumu, misumeno yote miwili ikae juu yake na kufungwa humo, ili sakafu ikicheza icheze pamoja. Nyoosha uzi kutoka mwisho wa meza moja hadi mwisho wa nyingine. Pitisha rula ya chuma juu ya maungio; isikwame ukienda wala ukirudi. Chuma cha kuongozea kiwe kimoja, kitembee kwenye reli ndefu inayopita mbele ya meza zote mbili. Diski ya meno machache weka upande wa kupasulia kwa urefu, ya meno mengi upande wa kukatia kwa upana. Kila msumeno na swichi yake, karibu na goti, uzime bila kuachia ubao. Na kamwe diski mbili zisizunguke pamoja ukiwa peke yako. Umenisikia? Macho yakitazama huku, mkono unasahau kule.

Duka letu linauza samani za kwenye maboksi. Mbao zake ni unga uliogandishwa kwa gundi. Kazi yangu ni kwenda kwa mteja na bisibisi, kufuata karatasi: skrubu hii, tundu lile. Watu wananishukuru. Lakini nikitoka pale sinuki mbao hata kidogo. Kuna kiwanda cha kupasulia magogo njiani. Huwa nashuka kituo kimoja kabla ya changu ili nipite nyuma yake kwa miguu. Shemeji yako anadhani ni mazoezi.

Lile nililokuandikia Februari silifuti. Ukitaka kuzungumzia siku ile, zungumza yote. Usiniletee nusu.

Dada yako


27 Aprili

Dada yangu,

Shikamoo. Mama mzima. Leo nakuletea yote.

Siku ya tatu baada ya kumzika Baba, Baba Mkubwa alisema karakana ni ya mtoto wa kiume, kwa kuwa binti huolewa akaenda na ujuzi kwa watu. Kisha akauliza, "Kuna mwenye neno?" Ulinitazama. Wewe ulikuwa umefanya kazi mle miaka kumi na miwili, mimi minne. Makabati niliyokuwa nikisifiwa mimi, milango yake ulikuwa umeipachika wewe. Nilikuwa na neno, dada. Nililimeza. Wala sikuwaogopa wazee, nisikudanganye. Niliitaka karakana. Niliona nikifungua mdomo utaipata wewe, na mimi nitabaki kukushikia mwisho wa ubao maisha yangu yote.

Basi niliipata. Sasa sina hata wa kumshikia.

Nisamehe.

Misumeno imeungana. Jana nimepitisha ubao mpana kama mlango, peke yangu, bila kuinamisha mgongo. Lakini nilikuandikia nusu hata kuhusu hili. Msumeno wa kushoto, ule wa Randa, nimeuwekea swichi upande wa kushoto, na mbele yake nimeacha nafasi ya mtu shoto kusimama. Mimi situmii kushoto. Nyumba hii ilikuwa na shoto mmoja tu.

Siku yoyote utakayotaka, njoo.

Mdogo wako


30 Juni

Dada,

Shikamoo. Sijui kama barua yangu ya Aprili ilifika. Kama ilifika, basi. Kama haikufika, niambie niiandike tena, ingawa ile ilinichukua siku kumi. Mama ameanza kumhoji mleta barua kama ana watoto na kama huwa wanamwandikia. Mimi nafanya kazi, lakini nikisikia geti nazima mota.

Mdogo wako


16 Agosti

Mdogo wangu,

Marahaba, na pole kwa kusubiri. Ilifika. Niliisoma nimesimama chumbani kwa mteja, kitanda chake kimefika nusu, nikajikuta nimekaa sakafuni katikati ya skrubu. Mama mwenye nyumba akaniletea maji. "Kuna msiba?" akauliza. Nikamwambia, "Hapana, mama. Ni mdogo wangu ameongea."

Sikujibu kwa sababu niliogopa ningekuja. Kila nikifumba macho najiona nimesimama hapo kushoto, Mama mlangoni anatuhukumu, wewe unanitania, maranda yamejaa nywele. Natamani hivyo sana. Lakini nikitazama vizuri, bado niko kwenye karakana yako, mahali ulipochagua wewe nisimame. Nimekusamehe. Usinielewe vibaya hapo. Nimekusamehe siku ileile, na yale maji ya mama mwenye nyumba nikiwa nayo mkononi. Ila sitaki kuachiwa nafasi. Nataka karakana.

Nyuma ya nyumba yetu kuna banda la mabati lililokuwa la gari. Shemeji yako amelifagia bila kuambiwa. Kumbe alijua siku zote kuhusu yale mazoezi. Dukani nimeaga, na yuleyule mama wa kitanda ameniagiza meza ya chakula, ya mbao ya kweli. Mikono ninayo, banda ninalo. Msumeno sina.

Najua ulivyohangaika kuiunganisha misumeno. Nakuomba uitenganishe. Nitumie ule wa Randa.

Dada yako


9 Septemba

Dada,

Shikamoo. Barua yako niliisoma, nikaikunja, nikaenda kupiga randa ubao ambao haukuwa na haja ya randa. Nilikasirika siku mbili, nikuambie kweli. Siku ya tatu nikachukua spana.

Bolti za maungio zilikuwa kumi na mbili. Nilikuwa nimezikaza kama mtu anayejua kuna mwizi. Ilipotoka ya mwisho meza hazikuachana. Ilibidi nipenyeze patasi katikati. Kisha nikakaa juu ya fremu. Mama akaja akakaa pembeni yangu.

Uliomba wa Randa. Huo unabaki huku. Nakutumia wa Baba. Wewe ndiye uliyekuwa unajua kwa mlio tu kama umechoka au una njaa ya mafuta. Nilimpigia Baba Mkubwa nimweleze. Akasema, "Jambo hilo halijawahi kutokea katika ukoo huu." Nikamwambia limetokea leo asubuhi, na mashine iko barazani.

Diski nimeifunga kwenye gunia, mota nimeivisha blanketi langu. Njiani msumeno utatikisika, kwa hiyo usiamini kipimo changu. Pima upya mwenyewe. Huku pamebaki pengo. Mimi bado nalizunguka nikienda kuchukua kitu upande wa pili, kana kwamba meza ipo. Sijui nitaacha lini.

Sasa hivi naandika nimeegemeza karatasi kwenye mlango wa lori, na dereva anapiga honi. Barua hii haipiti posta. Tulipomaliza kupakia, Mama alitoka chumbani amevaa viatu vya safari, mfuko begani, akapanda mbele kando ya dereva. Nikamuuliza anakwenda wapi na magoti yale. Akasema, "Mashine ya mume wangu haisafiri peke yake." Nimembembeleza nusu saa. Dereva amembembeleza. Fundi Kesho amekuja mbio kumwomba aende kesho. Ametutazama sote kama watoto, amefunga mlango, na ananyoosha mkono dirishani nimpe barua.

Mimi nimeshindwa kumshusha, dada. Mshushe wewe, taratibu, maana ngazi ya lori ni ndefu.

Mdogo wako