Mashine Tatu za Muoki

Kiandutu, Thika
Jumapili

Mdogo wangu Muoki,

Habari ya Ruiru? Huku tuko salama. Mvua imenyesha Ngoliba na mama amepanda ndengu.

Wacha kumsumbua mlinzi wa ploti yenu. Mashine zako za game nilizichukua mimi, wiki ile ulienda Mombasa, kwa ule ufunguo ulionipa niwe nikija kukufulia nguo. Nilibeba mbili nikakuachia moja, kwa sababu mtu ana mikono miwili tu.

Unakumbuka tulipokaa na mama kuchangia operesheni ya macho yake? Ulisema hata nauli huna. Wiki hiyo hiyo ukaweka picha yako kwa status, mashine tatu zimepangwa mbele ya televisheni, ukaandika "Mungu ni mwema".

Sijaziuza. Ziko hapa kwa kibanda changu. Mchezo ni shilingi ishirini, na anayefungwa anaachia mwenzake kiti.

Kwa pesa hizo, jicho la kwanza la mama lilifanyiwa operesheni Jumanne. Bandeji ilipotolewa aliomba kukuona, nami nikamwonyesha ile picha. Aliitazama sana, kisha akaniuliza hizo ni nini, na moja hununuliwa pesa ngapi. Nikamwambia.

Ukija kuzichukua, pitia Ngoliba kwanza. Mama anataka umwambie tena kwamba hukuwa na nauli, na safari hii akuangalie usoni ukisema.

Ni mimi dada yako, ambaye hatakufulia tena,
Mbinya