Chumba Kinachotazama Alizeti

Ilongero, Jumapili

Dada Happiness,

Shikamoo. Huku tumeanza kupura mtama, na yule tetea wako wa kishingo, uliyemwita mchawi, ametotoa tena.

Najua bado umenuna kwa sababu tumeikataa ile nyumba ya mkopo uliyotushauri tuichukue pale mjini. Ilikuwa nzuri, sibishi. Sakafu yake inateleza kama mlenda. Lakini mume wangu Alute alipouliza atafuga wapi kuku, akaambiwa asijenge hata banda bila idhini ya benki. Alicheka njia nzima. Miaka ishirini ya kumwombea kuku ruhusa! Hapa tuna vyumba vitatu tu, ila bati likivuja hatumpigii mtu magoti.

Mwanao Jenipher alinipigia simu. Kumbe nyumba yenu nayo benki imeiandika INAUZWA kwa rangi nyekundu. Usimgombeze, mimi ndiye niliyembana.

Chumba kinachotazama alizeti nimekisiriba sakafu jana kwa mavi ya ng'ombe, kama mama alivyotufundisha. Kitakauka kabla hujafika. Majirani wanauliza mgeni ni nani. Nimewajibu si mgeni, ni dada yangu anakuja kwake.

Mdogo wako,
Eliana