Umenifungia, Mume Wangu

Mjukuu wangu,

Alfajiri nilisikia kufuli likilia ta! kwa nje. Umekwenda chuoni ukanifunga ndani, kwa mazoea ya kuishi peke yako. Nimekaa humu kama kuku kwenye tenga, nikiita dirishani mpaka sauti ikakauka. Basi la asubuhi limeniacha.

Fundi cherehani jirani yako ndiye aliyekata kufuli. Hilo ulilolikuta mlangoni ni lake, umrudishie. ~~Nimekuachia hela ununue jingine.~~ Hapana, toa kwenye matumizi yako ya mwezi, ndiyo kujitegemea.

Maharage nimechemsha, uyale kidogo kidogo.

Mama yako alinituma nione kama unajiweza. Nitamwambia unajiweza, maana blanketi lako la pekee ulinipa mimi, ukalala na koti.

Likizo njoo unitembelee tena. Safari hii nitakufungia mimi, usiondoke upesi.

Bibi yako, mfungwa