Nina Upungufu wa Shikamoo

Hamisi mdogo wangu, marahaba!

Nakuitikia kabla hujaniamkia, maana huku Tabora nimepungukiwa shikamoo. Hapa Mtendeni kuna baraza la mafundi cherehani wanaocheza drafti, na sharti lao ni moja: anayefungwa humwamkia aliyemfunga, hata kama amemzidi umri. Nami, bingwa wa uani kwetu, nikakaa kumkabili Zaituni, binti wa rika la mwanangu. Anasukuma kete moja, kisha anarudi kushona kanzu ya mteja. Nikaona dharau hii! Mara akanilisha kete, nikala. Akanilisha nyingine.

"Kula, Mzaramo!" wakapiga kelele Wanyamwezi, watani zetu wa tangu enzi za misafara. "Mgeni wetu asilale njaa!"

Nikala ya tatu, nikaanza kujaribu kimoyomoyo sauti ya kuitikia marahaba. Zaituni akakata uzi kwa meno, akanyanyua kete yake, akala zangu nne kwa mkupuo mmoja na kuingia kingi. Zilizobaki hazikuwa na pa kukimbilia.

"Shikamoo," nikasema, kwa sauti ya mtu aliye mbele ya mkwewe.

"Marahaba, mjukuu wangu. Wazima huko kwenu?"

Baraza zima likaangua kicheko. Wakanipoza kwa michembe, viazi vitamu vilivyokaushwa, waliyoipika na karanga. Mitamu hiyo! Nakuletea kifurushi.

Msalimie mama, kisha ufute vumbi ubao wetu. Nikikulisha kete mbili tatu, wewe kula tu, usijiulize maswali.

Kaka yako akupendaye,
Shomari