Nimemsalimia dada kwenye hadubini

Mwenzangu, leo nimeumbuka maabara. Nimeumbuka!

Unazikumbuka seli za ngozi alizotuachia dada kabla hajafariki? Nilikuwa nazitazama kwenye hadubini, bosi na wageni wamesimama nyuma yangu.

Ile polima yetu, kemikali ya kubebea jeni, ya kwanza, ilikuwa ikiingia kwenye seli inaziua. Hii mpya tumeipunguza ukali. Imefikisha jeni ya kung'aa na seli ziko hai. Zote kijani, mwenzangu. Kijani!

Ulimi ukateleza: "Shikamoo dada." Kwa sauti! Naamkia kisahani cha plastiki!

Bosi akasema taratibu, "Hizo ni seli tu, mama."

Najua ni seli. Najua! Lakini dawa ya ugonjwa wake imepata njia leo, na mwenyewe yuko chini ya udongo.

Halafu unajua utaratibu wetu: ukishapiga picha unamimina klorini kuua seli, unatupa. Na seli hizo zilitoka kwenye kichupa cha mwisho cha akiba yake. Bosi akataka kunisaidia, nikamkatalia.

Siku ya mazishi tulimwosha mimi na mama. Leo nimemwosha peke yangu.