Gari la Bluu Limepanda Kireka

Bukoto, Kampala
Jumapili, baada ya adhuhuri

Kwa kaka yangu mpendwa Abdul-Latif,

Assalaam alaikum warahmatullah. Natumaini joto la huko Doha limepungua kidogo na mgongo haukusumbui tena kwa kusimama lindo kutwa. Mama hajambo, presha yake imeshuka, anakusalimu sana. Shangazi Zuleika naye anakusalimu, na amenisimamia hapa nikuandikie kwamba manukato uliyotuma yamekwisha. Mimi ukiniuliza hali, kaka, sijui nianzie wapi! Leo nina siku ishirini na sita za ndoa, na kila asubuhi naangalia hina mikononi nihakikishe kwamba siyo ndoto.

Nimesikiliza ujumbe wako wa sauti, wote, mpaka pale ulipomwita mume wangu fundi wa makopo. Umesema ulikubali kuwa walii wangu kwa sharti moja tu, kwamba Marjan aje huko kuendesha mabasi, na sasa amekugeuka. Umeniamuru nirudi kwa Mama mpaka apande ndege. Nimesikia. Sasa na wewe nisikilize, maana kwenye simu huwa unanikatiza.

Ulisafiri kabla gari la bluu halijaanza kazi, kwa hiyo hulijui. Ni treni ya dizeli ya mabehewa matatu, haina kichwa cha kuivuta. Injini ziko chini ya sakafu, na kila mwisho una chumba cha dereva, hivyo ikifika Namanve, mwisho wa safari, dereva anatembea tu mpaka upande wa pili na safari ya kurudi inaanza. Marjan anasema ilitengenezwa Ulaya kwa safari fupi za mikoani, ikachakaa huko, ndipo ikaletwa kwetu. Yeye alikuwa kati ya mafundi walioipokea. Walibadilisha madirisha yafunguke kwa ajili ya joto letu, wakajaza viti magunia ya mchanga badala ya abiria, wakaenda nayo na kurudi mpaka waliporidhika. Kwa miaka sita imebeba wauguzi wa Mulago, walimu, wauza kuku, na mimi. Ndiyo, na mimi! Nilikuwa naipandia Kireka kila jioni nikitoka kazini kwenye duka la fotokopi. Siku moja ilichelewa kuondoka, nikamkuta kijana, ndiye Marjan, ameinama, ameweka ncha ya chuma kwenye injini na ncha nyingine sikioni. Nilimuuliza anasikia nini. Akanipa kile chuma nisikilize valvu. Kaka, mimi nilisikia moyo wangu tu.

Kisha, miezi miwili kabla ya harusi, injini zikaanza kuzima moja baada ya nyingine. Ikasemekana gari litauzwa kama vyuma chakavu. Hapo ndipo Marjan alipokuahidi kuja Doha. Hakukudanganya, alikuwa amekata tamaa kweli. Ila yeye na mkubwa wake, Mzee Masinde, waliomba jaribio moja la mwisho, na jaribio hilo likaangukia siku ya nne ya ndoa yetu.

Unajua desturi ya kwetu, bibi harusi hatoki kabla ya siku saba. Bado nilikuwa nanukia moshi wa msandali. Nilimwambia Shangazi kwamba naenda kumwona mume wangu akifanya kazi. Akashika kiuno, akasema Bukoto nzima itanisema. Nikamjibu kwamba Bukoto ilikwisha kunisema tangu nilipochumbiwa na mtu wa gereji, waongeze tu. Nikavaa, nikaenda.

Mpaka Nakawa tulikwenda vizuri. Kwenye mlima wa Kireka gari likakohoa, likatoa moshi mweusi, likasimama. Watu wa kando ya reli walicheka hadi wakashikana mabega. Mama mmoja mkaanga mihogo aliona hina yangu, akapaza sauti kwamba bibi harusi ashuke asukume, hiyo ndiyo kazi aliyoolewa kuifanya. Nikatoa kichwa dirishani nikamwambia nitasukuma, aje anishikie mkoba. Wote walicheka isipokuwa Marjan. Tulivutwa kurudi mjini, na mchana huohuo akaanza kukunja nguo zake kwenye sanduku.

Gari limepona, Alhamdulillahi. Mzee Masinde aligundua ufa kwenye bomba la mafuta, mwembamba kama unywele, ulikuwa unaingiza hewa. Jumanne iliyopita gari la bluu lilipanda Kireka likiwa na abiria hadi wa kusimama.

Lakini usiseme Marjan alikataa kazi yako kwa sababu treni ilipona. Hapa, kaka, kaa chini. Marjan hakukataa. Alikuwa amesaini. Siku ileile ya sanduku, alipokwenda kuswali alasiri, nilichukua simu yake nikamwandikia wakala wako wa ajira kwamba Marjan haji, wasimsubiri, nafasi wampe mwingine. Ni mimi. Na treni ilikuwa bado imekufa.

Nilimwambia siku iliyofuata, tukinywa chai. Aliweka kikombe chini. Kisha akauliza kama angalau niliandika kwa adabu. Nikamwonyesha. Akasoma mara mbili, akavaa ovaroli yake akaenda kazini, na mlangoni akaniambia nikuache uamini ni yeye, kwa sababu hasira ya shemeji anaiweza, lakini hataki kaka yangu anichukie. Mtu wa namna hiyo ndiye unayemwita fundi wa makopo.

Sitajificha nyuma ya mgongo wake. Kama kuna wa kukanwa, nikane mimi. Kwa Mama sirudi. Yeye mwenyewe amesema kitanda changu amekwisha kumpa Rahmah, binti wa jirani anayesoma. Sikuombi msamaha kwa ule ujumbe, na kesho ningeuandika tena. Ninalokuomba ni moja: umpigie Marjan ulirudishe lile neno. Anatoka kazini saa moja jioni.

Wasalimie wenzako wa lindo, na usisahau kunywa maji.

Mdogo wako anayekupenda na aliyekuasi,
Rukiah, mke wa Marjan