Rimu Iliyopasuka

Herieth, nimefanya jambo baya. Usimwambie mtu.

Jana nilimwomba Mzee Fabian, dereva wa shule yetu, aniachie usukani tukirudi huku Uru. Nikagonga kalavati. Rimu mbili za magurudumu ya mbele: moja imepinda, nyingine imepasuka. Imepasuka, Herieth.

Leo fundi amemwambia Sista Theodora, mkuu wetu, kwamba iliyopinda atainyoosha. Iliyopasuka inunuliwe nyingine, hata ya mtumba. Kuichomelea anaweza, ila kwa miteremko ya huku na gari likiwa na mzigo, hataki lawama.

Sista akauliza nani alikuwa anaendesha. Mzee Fabian akasema, "Mimi, Sista." Bila hata kunitazama.

"Basi ichomelewe," Sista akasema. " Aliyeivunja ndiye atakayeendesha."

Nami nilikuwa pale pale, nimekumbatia madaftari. Aliyeivunja ndiye atakayeendesha, na aliyeivunja ni mimi.

Kesho asubuhi Mzee Fabian anateremsha ndizi za shule sokoni Moshi. Nimemfuata jikoni, nikamwambia, "Mzee, kesho nitakaa na wewe mbele."

Akacheka. "Ukikaa mbele, mwalimu, rimu itaogopa kupasuka?"

Akanimiminia chai. Yaani mimi ndiye niliyemiminiwa chai.

Fundi hajaanza kuchomelea, anasubiri umeme urudi. Nimesimama nje ya ofisi ya Sista. Naweka simu mfukoni, napiga hodi.